Mkopo wa sola: SACCOS zikopeshe wanachama, au tuwaachie kampuni za lipa kidogo kidogo?

Mlipaji_Songea
Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. SACCOS zinakopesha pikipiki, mbolea, ada, hata harusi. Mwanachama akiomba mkopo wa sola anaambiwa aende kampuni za lipa kidogo kidogo. Kule anapewa mfumo unaofunguliwa kwa namba. Akichelewa malipo, taa zinazimika, na akija kujumlisha anakuta kalipa zaidi ya bei ya dukani. Fedha zetu wenyewe zinashindwa nini? Msimamo wangu: kila SACCOS itenge fungu la sola.

HesabuKwanza
Litengwe, ila si kwa kila mtu. Nyumba yenye taa sita, TV na friji dogo hula kama uniti 1.4 kwa siku, yaani 42 kwa mwezi. Aliye D1, daraja la TANESCO la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, hulipa shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Mwezi mzima ni 5,124. Ukimkopesha huyo milioni mbili za sola umemfilisi.

Mkopeshe ambaye nguzo hazijamfikia. Au mwenye duka aliye T1, daraja la matumizi ya kawaida, anayelipa 356 kwa uniti: akitumia uniti 10 kwa siku, mwezi unamtoka na zaidi ya 106,000. Hata huyo aanze kwa kutoa lile friza kuukuu la mtumba na kuweka jipya linalobana umeme, ndipo apimiwe paneli. Kila uniti asiyoitumia ni paneli na betri asizokopa.

La pili: mkopo usizidi umri wa betri. Betri ya jeli inayoshushwa chini ya nusu kila usiku huanza kuchoka ndani ya miaka miwili. Mkopo wa miezi 36 juu yake ni kulipia maiti mwaka mzima. Na mafundi wa mtaani msiwasahau, nusu ya mifumo wanaiua wao siku ya kwanza.

Fundi_wa_Jua
"Nusu ya mifumo wanaiua wao." Umehesabu wapi, mkuu? Leta hesabu kama ulivyoleta za umeme wa LUKU.

Anayeua betri ni mteja. Anapimiwa mfumo wa taa na TV, betri moja ya 100Ah (ampia-saa 100), fundi akigeuka tu anachomeka pasi ya wati 1,000. Kwa volti 12, ukiongeza na upotevu wa inveta, hizo ni ampia zaidi ya 90. Betri ya asidi ya 100Ah ina ampia-saa 50 tu za kutumia salama, na ukiivuta kwa kasi hiyo hata hizo 50 huzipati. Nusu saa haifiki. Kesho anampigia fundi: "betri yako mbovu."

Mlipaji_Songea
Fundi, pole, hapa tunajadili mkopo.

Fundi_wa_Jua
Nimetukanwa mimi na wenzangu, nitajibu.

HesabuKwanza
Sawa, tuache nusu. Tuseme ninachomaanisha. Fundi anaweka kontrola ya chaji, kile kifaa kinachoongoza betri ichajiwe kiasi gani, karibu na paneli, kisha anashusha waya wa milimita 2.5 za mraba, mita tano hadi kwenye betri. Kwenda na kurudi ni mita kumi. Zikipita ampia 20, volti kama 1.5 zinapotelea njiani. Kontrola inasoma 14.4 kwenye vichwa vyake, inaamini betri imekaribia kujaa na kuanza kupunguza chaji, kumbe betri inaona 12.9. Haijai hata siku moja, sahani zinashika salfeti, na mwaka haujaisha imekuwa ya kukalia. Pasi haijaguswa hapo.

Dawa inajulikana: kontrola ikae pembeni ya betri, waya mnene wa 16 usiozidi mita moja, fyuzi kwenye kichwa cha chanya.

Mhazina_wa_Chama
Jamani, kabla ya waya kuna riba. Milioni mbili, asilimia 18, miezi 24. Ikikokotolewa moja kwa moja juu ya mkopo wote, mwanachama analipa 113,333 kwa mwezi na riba inafika 720,000. Ikikokotolewa kwa salio linalopungua, analipa kama 99,850 na riba haifiki 400,000. Hiyo ya kwanza, ukiigeuza kuwa ya salio, ni karibu asilimia 31. Wengi wanaolaumu sola wanaumizwa hapa.

Fundi_wa_Jua
Waya wa 16 nani analipa? Mteja anakuja na bei ya duka lingine, anakwambia "punguza." Unapunguza wapi kama si kwenye waya? Paneli anazihesabu, betri anaisoma namba. Waya hausomi.

Nakuru_Moja
Majirani, huku Kenya fundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya nishati, kuna madaraja ya T1, T2 na T3. T1 ni mifumo midogo kabisa, T3 ndiye anayegusa mikubwa na iliyounganishwa na gridi. SACCOS yenu iseme tu: bila leseni, hakuna hundi.

Mzee_wa_Nguzo
T1 si ndiyo bei ya umeme? Leseni tena? Subirini REA, wakala wa umeme vijijini, kijijini kuunganishwa ni 27,000 tu, sola achaneni nayo. Na hiyo 122 mwisho ni uniti 50 kwa mwezi.

HesabuKwanza
Ni 75, mzee wangu. Ukizidi hapo, bei ya uniti inapaa. Na 27,000 ni kwa aliyepitiwa na laini. Ambaye hajapitiwa anakaa gizani akisubiri, au anakopa?

Fundi_wa_Jua
Leseni haikazi skrubu. Wapo wenye vyeti wanaofunga betri mpya sambamba na ya zamani. Ile ya zamani inaivuta mpya, zinakufa zote mbili.

Mhazina_wa_Chama
Basi tufanye hivi. Fedha asipewe mwanachama mkononi: duka lilipwe kwa ankara inayotaja paneli, betri, kontrola na waya kwa ukubwa wake. Fundi alipwe asilimia 90 akimaliza, 10 baada ya ukaguzi wa mwezi mmoja. Mkaguzi apime volti kwenye kontrola na kwenye betri saa saba mchana. Tofauti ikizidi volti 0.2, fundi arudi.

Fundi_wa_Jua
Saa saba utadanganyika, dada. Betri ikishajaa ampia zinashuka, na tofauti inapotea hata kwa waya mbaya. Pima saa nne asubuhi, kukiwa na jua na betri imetumika usiku. Hiyo asilimia 10 ya kusubiri mwezi mzima siikubali, wiki mbili zinatosha. Na mkataba utaje vifaa: kikionekana cha ziada kimechomekwa, fundi halaumiwi.

Mhazina_wa_Chama
Wiki mbili sawa, kama ukaguzi utafanyika mara mbili. Usafiri wa mara ya pili analipa nani?

Mlipaji_Songea
Asilipe mwanachama. Tayari anabeba riba.

Fundi_wa_Jua
Na fundi asilipe akiwa hajakosea. Mara ya pili ilipwe na yule ambaye kipimo kimemkuta na kosa.