Tupeane uzoefu: zoezi lililokupandisha kiwango kwenye mpira wa wavu, na lile lililokuumiza

SetaWaPwani
Wakuu, heshima kwenu. Jana jioni nimepita kwenye kiwanja cha sekondari moja nikakuta mabinti wanajiandaa na UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania. Mwalimu kawapanga mstari anawapigisha kichurachura kuzunguka kiwanja kizima, juu ya saruji, wengine pekupeku. Nimesimama nje ya uzio magoti yananiuma kwa niaba yao. Na sisi tulilelewa hivyo hivyo: kichurachura, kupanda ngazi umembeba mwenzio mgongoni, halafu mpira wenyewe unaguswa giza likishaanza kuingia.

Naomba tupeane uzoefu. Zoezi gani hasa lilikupandisha? Lipi lilikuumiza? Waliocheza shule, jeshini, mtaani, karibuni wote.

Mkwaju78
Ukuta. Mengine baadaye.

Shuleni kwetu mpira ulikuwa mmoja timu nzima, ukiupata jioni ni bahati yako. Nilichora mstari wa chaki nyuma ya bwalo, mita 2.43 kutoka chini, ndio urefu wa wavu wa wanaume, nikawa napiga vidole juu ya mstari ule mpaka kengele ya prepo. Kuseti, yaani kumwandalia mpigaji mpira kwa vidole, unajifunza kwa masikio. Mpira ukilia "pa!" umegusa viganja, ukitoka kimya umekaa kwenye vidole. Ingia chini ya mpira, uupokee juu ya paji la uso, na magoti ndiyo yasukume, siyo mabega.

Vidole vikichoka, badili upokee kwa mikono ya chini. Viwiko vimenyooka, mpira ugonge juu kidogo ya vifundo vya mikono, na mikono isipunge kabisa. Anayepunga mikono, mpira wake unaishia jikoni kwa wapishi.

Kasuku_Mweupe
Naunga mkono hoja. Ukuta hauchoki na haukununii.

LiberoWaNyanda
Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote darasani, nikaambiwa kazi yangu ni kushangilia. Ninamshukuru sana aliyeleta nafasi ya libero, yule mchezaji wa kulinda nyuma tu. Iliingizwa rasmi mwaka 1998, na yule hazuii wavuni wala hashambulii mpira ulio juu ya wavu, kwa hiyo urefu si hoja. Zoezi langu: mwenzako anapanda juu ya benchi anakupigia mashuti, wewe umechuchumaa nusu, uzito kwenye vidole vya miguu. Usitazame mpira peke yake, tazama bega la mpigaji. Bega linasema mapema mpira unakwenda wapi.

Nyali_Spaika
Hayo yote ya ukuta na benchi ni ya msimu wa mvua. Njooni mchangani. Ukiruka juu ya mchanga laini mwezi mzima, ukirudi uwanja mgumu unapaa wenyewe.

Mkwaju78
Unapaa halafu unachelewa. Mchanga unamzoesha mtu kuruka polepole, ndugu yangu. Kwa kulinda magoti sawa, kwa kasi ya smashi sikubaliani.

Nyali_Spaika
Wewe umecheza mchangani lini?

Mama_Nambanne
Uzi huu umenitoa machozi, niacheni niandike.

Nilikuwa mzuiaji wa kati wa timu ya shule. Tulikuwa tunatafuta nafasi ya kwenda mkoani. Seti ya tano, ile ya pointi 15, ubao unasoma 13 kwa 13. Seta wao kapandisha mpira karibu kabisa na wavu, mimi na mpigaji wao tukaruka pamoja. Niliuzuia ule mpira, nikaona unadondoka upande wao, nikajua 14 zetu. Wakati nashuka mguu wake ulikuwa tayari umeteleza chini ya wavu. Msijifanye kushangaa, sheria yenyewe inaruhusu mguu kuvuka kidogo mradi sehemu yake ibaki juu ya mstari wa katikati. Nikatua juu ya kiatu chake. Kifundo changu kikalala upande wa nje, na nikasikia mlio kama kijiti kinavunjwa.

Mwalimu akaja mbio. Sikuulizwa naumia wapi, niliambiwa "nyanyuka, pointi moja tu!" Nikanyanyuka. Nikasimama kwa mguu mmoja nimeshika nguzo, servisi yetu ikapigwa, wakaurudisha mpira, ukaja kwangu. Mpira ule sikuugusa, nilianguka.

Tulishindwa. Usiku wakanipeleka kwa bibi mmoja wa jirani anayekanda. Maji ya moto, chumvi, mafuta ya nazi, halafu akauvuta mguu mwenzangu kanishika mabega. Asubuhi umevimba hata kandambili haiingii, na weusi umepanda mpaka kwenye muundi. Hospitali picha ikaonyesha mfupa mzima, kano ndizo zimechanika.

Aliyenirudisha uwanjani ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Nilitegemea vyuma vizito. Akaniambia nisimame kwa mguu ule ule mmoja ninapopiga mswaki. Basi. Baadaye nifumbe macho. Baadaye nisimame juu ya mto huku mdogo wangu ananirushia mpira. Halafu kupanda na kushusha visigino kwenye ukingo wa ngazi. Mwisho kabisa ndio kuruka, na hapo alinifundisha kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha: kutua. Miguu miwili pamoja, upana wa mabega, vidole vianze, magoti yakunje bila kuingia ndani, na usitue kwa kishindo. Miaka yote tulirushwa kama vyura na hakuna aliyetuambia namna ya kushuka chini.

Binti yangu sasa ameanza kucheza. Haruki mpaka nimwone anatua.

Kasuku_Mweupe
Daah. Pole sana dada yangu.

SetaWaPwani
Pole mno dada. Hilo la kutua nimelinakili neno kwa neno.

BabuMkunga
Pole mwanangu. Ila msiwaseme wakandaji. Bibi yangu alikanda kijiji kizima na watu walitembea.

Nesi_Kibena
Shikamoo babu. Hakuna anayewadharau bibi zetu, ila mguu uliotoka kuteguka haukandwi wala hauchomwi na maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo. Joto na kukanda vinaongeza uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kama dakika 15 hivi, bandeji isiyobana sana, mguu ulale juu ya mito. Na mkumbuke hili: mtu akishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa nyuma ya kifundo akaruka kwa maumivu, mpelekeni akapigwe picha siku hiyo hiyo. Asiambiwe "pointi moja tu".

BabuMkunga
Marahaba. Huko kijijini barafu tutaitoa wapi?

Nesi_Kibena
Kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi, babu. Kinafaa.

Mkwaju78
Mama Nambanne, ile pointi mliihesabiwa?

Mama_Nambanne
Tulihesabiwa. Wao wakachukua tatu mfululizo.

Nyali_Spaika
Tukiongea ukweli, Tanzania hamjafika kwa sababu ya waalimu kama hao. Huku kwetu Kenya, Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamekwenda Olimpiki Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, hadi Paris 2024.

Mkwaju78
Na Paris mkapoteza mechi zote tatu bila seti hata moja.

Nyali_Spaika
Kwa Brazil, Poland na Japan! Nyie mlikuwa wapi siku hiyo? Tulikuwa mabingwa wa Afrika 2023, tena tuliwafunga Misri fainali.

LiberoWaNyanda
Jamani, wote ni dada zetu. Turudi kwenye mada. Nina swali: goti langu linauma hapa chini ya kifuniko, hasa nikishuka ngazi. Nimeambiwa nipumzike kabisa, mwingine kaniambia nipige skwati zaidi.

Nesi_Kibena
Hilo ni la warukaji, linatokana na kano kuchoshwa. Kulala kitandani hakusaidii, na kuendelea kuruka kila siku ndiko kunakoliua. Punguza kuruka, usiache mazoezi. Chuchumaa polepole sana ukishuka, hesabu mpaka tatu, panda kawaida. Maumivu madogo yanavumilika, yakizidi kesho yake punguza. Lisipopungua nenda ukaonwe.

Spaidi_Chamazi
Mimi nipumzike? Nilikuwa naruka kamba asubuhi, kichurachura mchana, smashi jioni, na ndio nilikuwa napiga kuliko wote.

Mama_Nambanne
Mdogo wangu, magoti yako yana umri gani sasa?

Spaidi_Chamazi
Ishirini na moja.

Mama_Nambanne
Tuonane ukifika thelathini na tano.

Fundi_Tyubu
Mmesahau bega. Smashi inamaliza bega kimyakimya. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, funga kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Bana kiwiko ubavuni, unaweza kubana kitambaa hapo kati kisidondoke. Kunja mkono nyuzi tisini, vuta tyubu kuelekea nje taratibu, rudisha taratibu. Mara 15, seti tatu, mikono yote miwili. Ukiona unavuta kwa nguvu za kifua, tyubu ni nzito, tafuta nyembamba. Mimi natumia hata leo kabla ya kucheza na vijana wa kazini.

Kasuku_Mweupe
Hii naifanya leo leo. Tyubu ipo.

Nyali_Spaika
Fundi kasema. Mkwaju hapo una neno?

Mkwaju78
Sina. Bega nakubali. Mchanga bado.

Kidato_cha_Tatu
Shikamooni wakubwa. Mimi servisi yangu inazunguka na wanaipokea kirahisi. Nifanyeje iwe inayumba hewani?

Mkwaju78
Marahaba mwanangu. Rusha mpira chini chini, usiupandishe sana, tena usizunguke. Kaza kiganja na kifundo cha mkono, piga katikati kabisa ya mpira, halafu mkono usimame pale pale, usiufuatilie. Usiposikia mlio mkavu hujaupata. Anza katikati ya kiwanja, rudi nyuma hatua moja kila ukivusha tano.

Kidato_cha_Tatu
Asante. Kesho tuna kipindi cha michezo, nitaleta majibu.