Mafuriko yamekata barabara ya mpakani: ombi la fedha liandikweje lisirudishwe?

Mpimanjia
Wakuu, barabara kuu inayovuka mpaka imekatika. Makalvati mawili (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) ya kipenyo cha mm 600 yamesombwa, tuta limeliwa mita 60 (upana wa juu m 9, kimo m 3), na pale mpakani maji yamefukua msingi wa nguzo ya kati ya daraja. Wizara inataka ombi moja. Daraja liingie humo au lisubiri nchi jirani? Na kazi iliyokwisha kuanza kwa fedha za matengenezo ya kawaida, zinarudishwa?

Kasma
Ombi moja halina shida, mradi usichanganye mafungu. Kufungua njia (kuondoa vifusi, mchepuko yaani njia ya muda ya kuzunguka, daraja la chuma la muda) ni fungu lake, kurudisha ilivyokuwa ni lingine, kuboresha ni lingine. Ukiandika kalvati la mm 900 mahali palipokuwa na la 600 bila maelezo, mkaguzi anaona unajenga barabara mpya kwa mgongo wa maafa. Mfuko wa Mshikamano wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hulipia kurudisha miundombinu katika hali ya awali tu, na ombi lazima lifike ndani ya wiki 12 tangu uharibifu wa kwanza. Mfuko huo pia una kifungu cha jirani: nchi ambayo hasara yake haijafikia kiwango cha kustahili msaada inaweza kufikiriwa ikiwa imepigwa na janga lilelile lililoipiga jirani aliyestahili. Kwa hiyo tarehe na chanzo cha janga visipishane kati ya maombi ya nchi hizo mbili.

Fedha zilizokwisha kutumika: kwa mikopo ya miradi ya Benki ya Dunia, malipo ya nyuma huruhusiwa hadi asilimia 20 ya mkopo, au 40 kukiwa na dharura, kwa matumizi ya miezi 12 kabla ya kusaini. Ununuzi uwe umefuata kanuni zao. Linaloponza watu ni greda moja kufanya matengenezo ya kawaida na ya dharura kwa kitabu kimoja cha safari. Fungua namba ya gharama ya peke yake leo hii, dizeli na saa za mashine ziingie humo.

Tuta
Naongezea vipimo. Wengi watapiga 60 × 9 × 3, wapate m³ 1,620. Wamesahau miteremko ya pembeni. Kwa mteremko wa 1:1.5 (kila m 1 ya kimo, m 1.5 kwenda pembeni), upana wa wastani ni m 13.5, hivyo ni m³ 2,430 baada ya kushindilia. Udongo uliochimbwa huvimba; ukikadiria asilimia 25, malori yatabeba kama m³ 3,040. Ukiomba kwa hesabu ile ya kwanza fedha zitaisha tuta likiwa halijafika juu.

Kalvati nalo usiandike "limesombwa" ukaishia hapo. Mdomo uliziba kwa magogo? Maji yalipenya kandokando ya bomba kwa sababu kifusi hakikushindiliwa? Au yalichimba mahali pa kutokea kwa kuwa hapakuwa na sakafu ya mawe? Kama bomba lilikuwa dogo, toa hesabu: kutoka 600 hadi 900 eneo huongezeka mara 2.25, lakini maji yanayopita kwa mteremko uleule ni karibu mara 3. Kama tatizo ni magogo au kushindilia, bomba kubwa peke yake halitakusaidia.

Kasma
Hilo la sababu ndilo linalohamisha 900 kutoka "anasa" kwenda "lazima". Liwekwe ukurasa wa kwanza.

Nguzo
Daraja liombwe sasa, ila kwa mkataba mmoja wa ujenzi. Ule mtindo wa kila nchi kulipia hadi katikati ya mto unaonekana wa haki mpaka ufike kwenye nguzo ya kati. Kubalianeni asilimia, taasisi moja itangaze zabuni, na kabla ya kutangaza muwe mmeandika: ushuru wa forodha kwa saruji, nondo na mitambo, vibali vya mafundi kuvuka, nani anakagua, nani atalitunza baadaye. La forodha likiachwa, kreni hukaa getini mkandarasi akidai fidia ya kusubiri.

Na msipime shimo la nguzo kwa kuangalia tu. Mafuriko yakipungua, mchanga laini hurudi kulijaza, kipimo kikaonyesha kina kidogo kuliko ukweli. Chomeni chuma hadi kigote udongo mgumu, ndipo mkadirie mawe ya kulijaza.

Mpimanjia
Na mchepuko, magari mazito yapite?

Tuta
Yapite, ila kwa kupimwa mzani. Uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukizidi asilimia 20, uharibifu ni karibu mara mbili. Fedha za kukarabati mchepuko ziwekwe kwenye ombi hilihili, fungu la kufungua njia.