Re: Mwalimu anataka mtoto ahamishiwe darasa maalumu (Marekani)

Dada, salaam. Usisaini kwanza karatasi ya kumhamisha. IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto mwenye ulemavu asome na wenzake kadiri inavyowezekana. Anatolewa pale tu ambapo hata akipewa vifaa na msaada bado masomo hayaendi. Mkutanini anza na hilo: amepewa msaada gani mpaka leo?

Mwalimu anayesema "huyu simuwezi" mara nyingi hamchukii mtoto. Darasa limejaa, hakusomea kufundisha mwenye usonji, na msaidizi aliyeahidiwa haonekani. Ukimgombeza atajifungia. Muulize anahitaji nini ili mtoto abaki kwake, kisha anachotaja kiingie kwenye IEP, yaani mpango wa maandishi wa elimu ya mtoto huyo. Wazazi wengi hawajui kuwa IEP ina sehemu ya msaada kwa walimu wenyewe, kama mafunzo au muda wa kupanga masomo na mwalimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa darasa la kawaida akiona na yeye kapata kitu pale, sauti yake hubadilika.

Maneno yachunguze. "Msaidizi atakuwepo inapohitajika" ni hewa tupu. Iandikwe hivi: dakika 30, mara 5 kwa wiki, ndani ya darasa la kawaida, kuanzia tarehe fulani. Sheria yenyewe inadai hayo yote yatajwe.

---

Naongezea kwa kaka hapo juu. Ombi la tathmini ya ulemavu na mahitaji ya mtoto liwe la maandishi. Barua pepe inatosha. Siku 60 za kukamilisha tathmini huhesabiwa tangu utoe ridhaa, si tangu uongee na mwalimu getini, na majimbo mengine yana muda wao (Texas kwa kawaida ni siku 45 za shule). Kutojua Kiingereza hakuwezi kuwa sababu kuu ya mtoto kuhesabiwa mlemavu. Mkalimani ni jukumu la shule. Mwombe mapema, taja kama ni Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania, na msimtumie kaka yake mtoto.

Halafu ile heshima yetu ya kuitikia "ndiyo mwalimu" kila sentensi! Kwenye kumbukumbu za kikao inasomeka kuwa mzazi amekubali. Kama hukubali, sema, na uombe iandikwe.

---

Jamani, tahadhari moja kuhusu "usisaini". IEP ya kwanza haianzi kutekelezwa bila ridhaa yako, sawa. Lakini zinazofuata, majimbo mengi hayahitaji sahihi ya mzazi: shule inakupa taarifa ya maandishi kabla ya mabadiliko, na ukikaa kimya yanaendelea. Taarifa hiyo lazima ieleze sababu na njia nyingine zilizofikiriwa zikakataliwa. Dada, ukiipata, angalia tarehe ya kuanza. Malalamiko rasmi ya kuomba kusikilizwa yakiwasilishwa kabla ya siku hiyo, kwa kawaida mtoto hubaki alipo mpaka shauri liishe. Kila jimbo lina kituo cha wazazi kinachosaidia bure kuelewa taratibu hizi.