MREJESHO: Kuichangia maktaba ya mkoa wetu

Ndugu zangu, niliwauliza ninyi hapa: sisi wananchi wa kawaida tuanzie wapi kuichangia maktaba ya mkoa, ambayo viti vya watoto vilikuwa vimekwisha na rafu zimejaa vitabu vilivyochakaa? Nawashukuru mno, hasa aliyesema tumwone mkutubi kabla ya kukusanya hata shilingi.

Ushauri huo ndio uliotuokoa. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1963, kwa hiyo huwezi tu kushusha maboksi mlangoni ukaondoka. Mkutubi alitupa orodha: mikeka, viti vidogo, vitabu vya hadithi za Kiswahili na vya kiada vya sekondari. Riwaya za Kiingereza, ambazo ndizo watu wengi walituletea, hakuzihitaji. Tukaziuza kwenye meza karibu na stendi, na meza ile ikaingiza fedha kuliko barua zote tulizopeleka kwenye makampuni. Mweka hazina alibandika mapato na matumizi ukutani kila wiki. Bila hivyo michango ingekauka mapema.

Jumamosi tunasoma hadithi. Bibi mmoja mstaafu wa ualimu akisema "Paukwa!", watoto wanaitikia "Pakawa!" mpaka barabarani wanasikia. Wazazi waliokuja kuwachukua sasa wanajiandikisha uanachama.

Viti vimefika. Kinachosubiriwa ni kibali cha maktaba kuchelewa kufunga hadi saa mbili usiku wakati wa mitihani, na mlinzi wa kulipwa.