Naomba ushauri: nimepata nafasi ya kujitolea nje ya nchi, wodi ya watoto wenye ulemavu

Msafiri Mpya

Habari zenu wakuu. Nimemaliza masomo ya ustawi wa jamii na nimepata nafasi ya kwenda nje ya nchi kujitolea hospitalini, kwenye wodi ya watoto wenye ulemavu. Kwa maelezo niliyotumiwa, wengi wana mtindio wa ubongo, wengine walizaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa. Baadhi familia zao haziji tena kuwaona, kwa hiyo wodi ndiyo imekuwa nyumbani kwao. Kazi yangu itakuwa kulisha, kubadilisha nepi, kucheza nao na "kuwapa upendo", kama walivyoandika wenyewe. Ni kwa wiki sita. Nauli najilipia, na kuna mchango ninaotakiwa kulipa kwa shirika linaloniunganisha.

Moyo unataka kwenda. Ila sina mafunzo ya uuguzi, na sijui kama nitafaa au nitawaongezea kazi waliopo. Linaloninyima usingizi zaidi ni hili: mtoto ambaye hana mtu, akishanizoea halafu nikaondoka, nitakuwa nimemfanyia nini? Manesi, wazazi, mliowahi kujitolea, naomba mniambie ukweli bila kunibembeleza.

Kaka Mkubwa

Nenda mdogo wangu. Mtoto anayelala mchana kutwa akitazama dari, hata saa moja ya kushikwa mkono na kuimbiwa ni kitu. Mtu ukipima mno mambo ya kheri, mwisho unabaki nyumbani na mtoto anabaki na dari yake.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka Mkubwa, nia yako naielewa, ila ngoja niseme nilichokiona kazini kwa miaka.

Mdogo wangu, ukifika utamkuta mtoto aliyetulia tuli. Halii, hasumbui. Utaambiwa ameshazoea. Usilikubali hilo haraka. Zamani hospitali nyingi za Uingereza ziliwabana wazazi: mtoto akilazwa, mama anaruhusiwa kumwona kwa muda mfupi tu. Mtafiti mmoja wa huko, James Robertson, akawafuatilia watoto hao na kuona wanapita hatua zilezile. Kwanza wanalia na kumtafuta mama. Kisha wanakata tamaa, wananyamaza. Mwishoni wanajitenga, hata mama akija hawamkimbilii. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wahudumu walikuwa wakiiona kama dalili njema, kwamba mtoto ametulia. Mwaka 1959 kamati ya Platt, iliyochunguza hali ya watoto hospitalini hukohuko Uingereza, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kuwekewa mipaka, na kina mama wa watoto wadogo walale nao wodini.

Sasa mfikirie mtoto asiye na mama wa kuja, ambaye kila baada ya wiki kadhaa anapata mgeni mpya wa kumpenda na kumuaga. Anarudishwa kwenye huzuni ileile tena na tena, mpaka aache kujishughulisha na mtu yeyote, au awe anamrukia kila anayeingia mlangoni bila kubagua. Wageni hufurahia sana hilo la pili, wakidhani wamependwa. Mtoto mwenye mtu wake humwangalia mgeni kwanza.

Halafu kulisha. Hii kazi hupewa wageni siku ya kwanza kwa sababu inaonekana nyepesi, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndiyo ya hatari kuliko zote utakazozigusa. Misuli ya kumeza haishirikiani vizuri, chakula kinaingia njia ya hewa, mara nyingine hata bila kikohozi, na baada ya hapo ni nimonia. Asilishwe akiwa amelala chali. Mkalishe wima, kiwiliwili kimeshikiliwa vizuri, kichwa kisiangukie nyuma, kidevu kiwe kimeinama kidogo. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake, usimlishe umesimama ukimwinamia. Kijiko kidogo, chakula kidogo, subiri ameze, ndipo ulete kingine. Akikohoa, sauti ikiwa kama ina majimaji, macho yakitoa machozi au midomo ikibadilika rangi, acha hapohapo uite nesi. Akimaliza abaki wima nusu saa hivi. Mlo wa mtoto mmoja unaweza kukumaliza muda wote wa asubuhi, na wanaoharakisha ndio wanaodhuru. Ukiambiwa ulishe mtoto kabla hujasimamiwa na mtu anayemjua, kataa kwa adabu.

Degedege na kifafa utakutana navyo pia. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, usimbane, tazama saa. Zikifika dakika tano hajatulia ni dharura. Ita mtu mapema, usisubiri dakika hizo ziishe peke yako.

Mama Mlezi

Mwanangu ana mtindio wa ubongo na haongei. Akitaka kusema ndiyo, anatazama juu. Akitaka kusema hapana, anafumba macho na kuyakaza. Ilituchukua muda mrefu kukubaliana hivyo mimi na yeye. Aliwahi kulazwa, na kila zamu mpya ilipoingia alikuwa anaanza upya kama mtu asiye na lugha. Tazama juu, tazama juu, na mhudumu anafikiri mtoto ana usingizi.

Kwa hiyo dada, ukienda, kitu cha kwanza uliza kila mtoto anasemaje ndiyo na hapana. Kama hakuna anayejua, hiyo ndiyo kazi yako. Kaa na mtoto mmoja, mpe vitu viwili achague, umtazame mpaka uone macho, kidole au mguu unaojibu. Andika, bandika juu ya kitanda chake. Wewe ukiondoka karatasi inabaki, na zamu inayoingia inamkuta ana lugha.

Mwambie unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa, hata kama umeambiwa haelewi. "Nakugeuza sasa." "Nakufuta uso." Mwanangu anaelewa kila kitu na kuna watu wamekaa kando ya kichwa chake wakijadili kama ataishi.

Na hao mnaowaita wameachwa, naomba usiwahukumu mama zao kabla hujajua. Kuna aliyeambiwa na daktari amwache tu. Kuna anayeishi mbali na ana wengine nyumbani, na hakuna aliyemfundisha kumlisha huyu bila kumpalia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 23, unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu, wa mtoto au wa wazazi wenyewe. Uliza hiyo wodi inafanya nini kuwaita wazazi warudi. Jibu lao litakuambia mengi.

Mtaalamu wa Viungo

Naongezea ya mikono. Usimwinue mtoto kwa kumvuta mikono wala kumshika kwapani akaning'inia. Watoto wasiosimama wala kutembea mifupa yao huwa dhaifu, na kuna wenye ugonjwa wa mifupa inayovunjika kirahisi, ambao hata kubadilishwa nepi kwa kuvutwa miguu juu kunaweza kuwavunja. Mguu uliokakamaa usiulazimishe kunyooka, mkunje kwanza nyonga na goti taratibu, utaona unalegea.

Wenye mgongo wazi wengi wana mzio wa mpira wa latex. Usibebe baluni. Najua baluni ndiyo zawadi ya kwanza inayomjia mtu akifikiria wodi ya watoto. Kwa mtoto mwenye mzio mkali inaweza kumziba pumzi. Na wengi wao hawahisi miguu, kwa hiyo maji ya moto au kiatu kinachobana havitamliza, utakuta kidonda tayari.

Wasioweza kujigeuza wanahitaji kubadilishwa mkao kila baada ya saa mbili hivi ili wasipate vidonda. Hapo ndipo mikono ya ziada inaponifaa mimi. Mtu wa kunisaidia kumkalisha mtoto kwenye kiti kilichopimwa kwake, kiwiliwili kimeshikiliwa, akaona dirisha badala ya dari. Naungana na Kaka Mkubwa kuhusu dari. Ila anayemtoa mtoto kitandani awe ameonyeshwa jinsi.

Msafiri Mpya

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Niseme kitu kimoja ambacho sikukiandika mwanzo: hilo shirika halijaniomba cheti cha polisi wala mtu wa kunidhamini. Waliniuliza saizi ya fulana na tarehe ya kulipa. Je, ni kawaida?

Mlinzi wa Haki

Si kawaida, na mimi ningesimama hapo. Mahali panapompokea mtu yeyote aliyelipa, amwogeshe na kumvalisha mtoto asiyeweza kukimbia wala kusema alichofanyiwa, patampokea pia mwenye nia mbaya. Wanaotaka kuwadhuru watoto wanajua milango ambako hawaulizwi kitu. Dai uchunguzi wa polisi, wadhamini, kanuni za maandishi za kumlinda mtoto, na kanuni kwamba mgeni habaki peke yake na mtoto nyuma ya pazia. Ukizidai unamlinda mtoto, na wewe pia.

Kuhusu mchango, uliza kiasi gani kinafika wodini na kinanunua nini. Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: watoto wengi wanaoitwa yatima kwenye vituo duniani wana mzazi aliye hai, na penye wageni wanaolipa huwa na sababu ya kifedha ya kutowarudisha nyumbani. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na suala la watu kwenda kujitolea kwenye vituo vya yatima limetajwa humo kwa sababu hiyohiyo. Wewe unakwenda hospitali, ambako watoto wengine wamelazwa kwa matibabu kweli. Uliza wangapi wamelazwa na wangapi wanaishi pale. Ni mambo mawili tofauti.

Na uliza viza. Nchi nyingi viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata isiyo na malipo.

Kaka Mkubwa

Nimewaelewa wote, na la baluni sikulijua. Lakini bado nauliza: asipokwenda yeye, nani atamshika yule mtoto usiku huu? Hamjibu hilo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nalijibu. Atashikwa na mimi, kama kuna mtu wa kukunja mashuka, kuosha vikombe, kusukuma mikokoteni na kuandika nani amekunywa maji kiasi gani. Nina vitanda vingi kuliko mikono. Aliye na wiki sita anipunguzie kazi zisizohitaji sura ileile kila siku, nipate kukaa na mtoto ambaye ataniona tena mwakani. Kule Bukaresti, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni. Nusu walipelekwa kwa familia nyingine za kuwalea. Hao walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliotoka vituoni kabla ya miaka miwili. Kilichobadilika ni kupata mtu wao, anayekaa.

Sikatazi kumshika mtoto anayelia, Mungu apishe mbali. Mshike. Nakataza kumchagua mmoja mzuri wa kumpiga picha na kumfanya wako wakati una tiketi ya kurudi.

Niliyekulia Wodini

Sehemu kubwa ya utoto wangu niliishi hospitali kwa ajili ya mgongo. Wageni nawakumbuka kwa makundi, majina hapana. Walikuwa wakija na pipi na kamera. Ninayemkumbuka kwa jina alikuwa anakuja jioni saa ileile, anasoma hadithi kwa wodi nzima, hamchagui mtu, na tangu siku ya kwanza alituambia siku atakayoondoka na kuionyesha kwenye kalenda ya ukutani. Siku ilipokaribia alitukumbusha, akaaga kila kitanda, akasema harudi. Tulilia. Ila hatukukaa tukisubiri mlango ufunguke, kama tulivyofanya kwa waliosema "nitarudi, mpenzi".

Dada, usiahidi.

Msafiri Mpya

Nimelia na nimefanya kazi. Shirika nimelijibu kwamba sitaenda kupitia kwao. Nimeandika moja kwa moja kwa muuguzi mkuu wa hospitali ileile, nikamwambia sina mafunzo, niko tayari kufua na kukunja, na nikauliza ya wazazi, ya cheti cha polisi na ya ndiyo na hapana. Amejibu ndani ya siku chache. Anasema kwa wiki sita hapokei mtu kukaa na watoto, ila kwa miezi sita anapokea, mwezi wa kwanza ni wa kufundishwa. Na kwamba wana siku ya wazazi kuja kujifunza kulisha, na wengi hawaji kwa kukosa nauli. Ameniuliza kama mchango niliotaka kulipa unaweza kwenda huko.

Nimekubali hilo la nauli hata kabla ya kuamua la miezi sita. Nyumbani bado tunazungumza, nahitaji kupanga kazi yangu kwanza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Huyo muuguzi mkuu mshike vizuri. Wakati mnazungumza nyumbani, anza chanjo. Ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida ni dozi tatu, na ya tatu inakuja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo ukichelewa kuanza utafika bila kinga kamili. Hakikisha una dozi mbili za surua, na kama hujawahi kuugua tetekuwanga uliza chanjo yake. Pima kifua kikuu kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Cheti cha homa ya manjano, kama nchi hiyo inakitaka, kinaanza kutumika siku kumi baada ya kuchomwa, usiende kuchomwa wiki ya safari. Na ukiwa na mafua, hata siku ya kwanza kazini, usiingie wodini.