Naomba ushauri: muda kwenye COMSOL (programu ya simulesheni), grafu imelala

Koili_Baridi: Wakubwa jambo. Niko Lubumbashi, politekniki mwaka wa mwisho, memwari (kazi ya kumaliza masomo) naweka Ijumaa. Nafanya simulesheni ya koili inayopasha kipande cha shaba, muda nimeandika toka 0 mpaka 60, kila sekunde 0.02, sasa grafu ya mkondo wa koili inatoka mstari umelala kwenye sifuri, hata kilima hakuna. Meshi (ule wavu wa vipande vidogo vya hesabu) nimeikaza, bure. Nibadilishe nini?

Yaya_Kamalondo: Ijumaa?? Mwana, tangu mwaka uanze ulikuwa wapi? Sisi tulikuwa tunachora kwa mkono kwenye karatasi ya milimeta na tulimaliza mapema.

Mutu_wa_Ruashi: Ongeza RAM. Mimi niliuziwa bareti ya RAM kule mjini, kufika nyumbani imekufa, kurudi muuzaji hanijui, sina hamu.

Fundi_Hesabu: Koili unailisha na nini? Mkondo wa moja kwa moja ao wa kupishana?

Koili_Baridi: Umeme tu wa kawaida.

Fundi_Hesabu: Wa kawaida njo upi? Andika.

Koili_Baridi: Sine, 50 Hz. Sikuandika juu swali langu ni la muda, si la umeme. Na 0.02 siigusi mukubwa, diski karibu inajaa halafu meza (jedwali) zote za matokeo zimeshapita kwenye printa.

Fundi_Hesabu: Kumbe! 50 Hz duru moja ni 1/50, yaani 0.02 kamili. Kila ukichungulia sine iko palepale ilipoanzia, kwenye sifuri. Ni kama kumupiga picha mutu wa kinga (baiskeli) kila mguu wa kulia ukifika chini, utaapa hapigi pedali.

Bukari_na_Sombe: Badilisha kichwa cha memwari: "Koili iliyokataa kuamka" 😂

Mwana_Katuba: Ngojeni kwanza. Joto la kipande je?

Koili_Baridi: Linapanda vizuri, toka 25 mpaka 41.

Mwana_Katuba: Haya! Koili haina mkondo, shaba inapata moto, nani anawasha, mizimu? Hii stori ametunga. Ao anaandikia batu memwari kwa pesa na hajui hata anachokiandika.

Yaya_Kamalondo: Nilihisi. Vijana wa leo wanapenda diploma, kazi hawaipendi.

Koili_Baridi: Yaya, mi naapa ni yangu. Mwana_Katuba njoo uone mashini.

Fundi_Hesabu: Muacheni, hilo joto njo linaonyesha hasemi uongo, mutunzi angeweka na joto limelala. Ile orodha ya muda kwenye COMSOL inasema tu matokeo yahifadhiwe saa ngapi. Solva ndani (ile inayopiga hesabu) inajichagulia hatua zake kufuata toleransi (kosa unaloliruhusu), ilipita kwenye vilele vyote na moto ikauhesabu, wewe njo ulihifadhi sifuri tupu. Kwa hiyo meza ya joto inaweza kubaki, ila kaza toleransi urudie mara moja uone kama 41 haisogei. Grafu ya koili tupa. Fanya studi ingine fupi, sekunde 0.1 tu, hifadhi kila 0.001, duru tano zinatosha na diski haitalia. Kama ungeuliza mapema ningekuambia usipite hata huku: umeme unaufanya kwenye masafa (frequency), si kwenye muda, unapata wastani wa moto, halafu joto peke yake unalipeleka kwa hatua za sekunde nzima. Na meshi iangalie pale juu ya shaba, kwa 50 Hz mkondo unaingia milimita 9 hivi.

Mwana_Katuba: Mmh. Ya pesa sijaifuta.

Koili_Baridi: Asanti sana mukubwa. Lakini nikiweka 0.002? Mashini ni ya kukopa na umeme unakatika saa yoyote.

Fundi_Hesabu: Sekunde 0.1 unaogopa nini? Kwa 0.002 unapata nukta 10 kwa duru na hakuna inayoangukia kileleni, ya juu kabisa inafika 0.951, karibu 5% imepotea. Weka 0.001.

Koili_Baridi: 0.0015 basi?