Ulinganisho: Chakula cha mchana pabu ya kijijini karibu na bahari, Sussex, Dorset au Norfolk? (nina watoto na mama mzazi)

MwanaTanga
Wakuu, salaam. Tunaishi Reading, watoto watatu: miaka 2, 6 na 11. Mama yangu mzazi yupo kwetu kwa miezi mitatu. Mwisho wa Mei shule zikifungwa nataka nimpeleke akaione bahari ya huku Uingereza, kisha tule mchana kwenye pabu ya kijijini. Nimechuja zikabaki tatu: Tiger Inn ya East Dean (Sussex), Square and Compass ya Worth Matravers (Dorset), na Jolly Sailors ya Brancaster Staithe (Norfolk).

Mama magoti yanamsumbua. Ni mtu wa ibada, ukitaja neno "baa" tu anakunja uso. Nyama isiyochinjwa kihalali hali, samaki anakula. Mliofika huko, naombeni uzoefu.

BabaWawili
Mkuu, East Dean, usijiulize mara mbili. Kuna kiwanja cha majani katikati ya kijiji, nyumba za mawe zimekizunguka, na hiyo pabu ni mojawapo ya nyumba hizo. Unakaa nje na soda yako, watoto wanafukuzana mbele ya macho yako. Mama ataona wajukuu, wazee na mbwa wao. Baa ya nyumbani yenye muziki wa kupasua masikio sahau kabisa.

Bahari iko Birling Gap, kama kilomita moja na nusu. Usimtembeze, pandeni gari mpaka kwenye maegesho ya juu. Kushuka ufukweni ni ngazi za chuma, na chini ni kokoto tupu, kwa magoti yale abaki juu. Hajakosa kitu: maporomoko meupe ya chaki ya Seven Sisters anayaona akiwa hukohuko. Ila watoto washikwe mkono muda wote. Ukingo hauna uzio na chaki inamomonyoka. Sehemu unayoona imara juu, chini yake inaweza kuwa tupu. Ukiwa huna gari, basi namba 12 la kati ya Brighton na Eastbourne linapita East Dean.

Kisauni_Leeds
Mimi naipenda Worth Matravers kupita zote, acha niseme haki yake. Familia moja inaiendesha tangu 1907. Hakuna kaunta, unaingia kwenye ujia mwembamba, unaagizia kwenye kidirisha. Msosi ni pai na pasti, yaani chukulia sambusa kubwa ya kuoka, basi. Nje meza na viti ni mabamba ya mawe, kuku wanadonoa makombo miguuni pako, na bahari unaiona kwa mbali. Ndani kuna chumba cha visukuku vilivyookotwa maeneo yale. Kijana wangu tulimtoa humo kwa kumvuta mkono.

Lakini kwa safari yako hii, hapana. Pasti za nyama mama hatagusa, na njia ya kushuka baharini Winspit ni mteremko wa mawe. Mpeleke huyo wa miaka 11 siku nyingine, mkiwa wawili.

UmmuSalma
Ndugu yangu, hapo kwenye samaki usijione umepona. Ule uji wa unga wa kuchovyea samaki, pabu nyingi huukoroga kwa bia. Kome hupikwa na divai nyeupe au pombe ya tufaha. Na chipsi, hasa ukielekea kaskazini, kuna wanaokaanga kwa mafuta ya ng'ombe.

Uliza kabla hujalipa, tena waziwazi, hawachukii. Sheria inawataka wakuambie kuhusu vitu 14 vinavyoleta mzio, ndiyo maana wengi wana jalada kaunta. Ila pombe haimo kwenye hivyo 14! Jalada pekee halikutoshi, lazima ufungue mdomo. Na ikiwapo, mwagizie mama ile keki ya moto inayomwagiwa karameli. Inatengenezwa kwa tende, ataijua ladha tu.

Mvuvi_Norwich
Norfolk ni ya kwangu kwa hiyo nitasema ukweli. Jolly Sailors ina bustani na mahali pa kuchezea watoto, kwa mtoto wa miaka 2 hakuna kama hiyo kwenye orodha yako. Lakini mtu anakwenda Brancaster kula kome, wale weusi wa makombe mawili, na msimu wake ni Septemba mpaka Aprili. Mei umechelewa. Halafu barabara ya kwenda ufukweni Brancaster hufunikwa na maji wakati wa bamvua, kwa hiyo tazama ratiba ya maji kabla ya kuondoka nyumbani. Na toka Reading ni mbali mno kwa kwenda na kurudi siku moja na mzee garini. Njoo Oktoba.

BabaWawili
Nimesahau kubwa: SAA ZA JIKO. Kuna pabu moja Kent tulifika saa tisa alasiri, jiko limefungwa tangu saa nane na nusu, kufunguliwa tena saa kumi na mbili. Watoto walikula viazi vya pakiti kwa chakula cha mchana, na mdogo akalia mpaka nyumbani. Weka nafasi kwa simu. Ukifika, kariri namba ya meza yako kwanza, kisha agiza na kulipa kaunta. Ukikaa kusubiri mhudumu utakesha.

Kisauni_Leeds
Na watoto wasikutie hofu. Sheria ya hapa England inataka tu aliye chini ya miaka 16 awe na mtu mzima. Nyingine zina utaratibu wake wa kuwatoa watoto jioni, mchana hakuna neno.

MwanaTanga
MREJESHO. Tulikwenda East Dean Jumatano, jua la kutosha. Mama alikaa benchi, mkoba mapajani, akakiangalia kiwanja weee, kisha akaniuliza: "Sasa hiyo baa iko wapi?" Nikamwonyesha mlango nyuma yake. Akageuka, akatazama, akasema haya, nendeni mkaagize.

UmmuSalma, niliuliza kama ulivyonielekeza, tukala kwa amani. Mama alitoa ndimu na kichupa cha pilipili mkobani, siki akaisukuma pembeni.

Birling Gap alibaki juu. Akamuuliza kijana mkubwa, maji yanajaa au yanapwa? Kijana hajui. Akamwambia chagua jiwe moja, usiliache kwa macho. Wamekaa pale karibu nusu saa, simu haikuguswa, mpaka jiwe likazama.

Mvuvi_Norwich, Oktoba nakuja kwa kome. Nitakutafuta kwa hiyo ratiba ya maji.